Sentensi Niliyoiongeza Mwenyewe

Jumanne, 12 Agosti. Nateete.

Mawingu tangu alfajiri, lakini mvua imekataa kunyesha. Joto zito, lile la kuumiza kichwa. Nimerudi kutoka polisi saa tisa, nimevua viatu, nimekaa. Hakuna aliyebisha hodi.

Hili la kutobishiwa hodi ni jipya kwangu. Kwa miaka sita nimekuwa sekretari wa baraza la zoni yetu, na mlango wangu haukujua kupumzika. Barua ya kufungulia akaunti benki, barua ya mpangaji mpya, ya mtoto kuingia shule, ya kusafirisha maiti kwenda kijijini: zote naandika mimi, mwenyekiti anagonga muhuri. Watu wananiita Sekretari, hata watoto wadogo. Jina langu nadhani walishalisahau. Leo ni siku ya nne mfululizo hakuna aliyekuja. Mama anayeuza nyanya mbele ya geti, ambaye huniamkia kabla sijamwona, asubuhi aliinama akaanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nitaandika kwa utaratibu, maana nikiyaacha kichwani yanazunguka tu. Naandika kwa Kiswahili, lugha ya baba yangu na ya kambi ya polisi nilikozaliwa. Majirani zangu wengi hawakisomi, na leo hilo naliona ni nafuu.

Robina anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anashona sare za shule. Mumewe, Ssali, ni fundi wa magari, mtu mcheshi, wa kwanza kushika jembe panapotakiwa kuchimbwa kaburi. Ukiwa na msiba utamshukuru Ssali.

Anampiga mkewe. Sote tunajua.

Kwetu mwanamke akipigwa kuna njia anayopitishwa. Anaanza kwa ssenga, shangazi yake upande wa baba, ambaye anamuuliza yeye alikosea nini. Ssenga akishindwa, jambo linakuja kwetu. Tunaketi kwenye veranda ya mwenyekiti, viti tisa. Mume anakemewa kweli kweli, anainamisha kichwa, anaomba msamaha. Kisha mke anaulizwa kama amesamehe. Anaulizwa mbele ya watu tisa wanaomtazama, na mume, na ssenga, na mama mkwe kama yupo. Anasema ndiyo. Mimi naandika makubaliano nakala tatu, wanatia saini, muhuri unagongwa. Mume anatuma kreti ya soda, tunakunywa na kutaniana, na mara nyingi anayezunguka kuzigawa zile soda ni yule mwanamke mwenyewe.

Sikuwahi kuliona hilo la soda hadi wiki hii. Nilikuwa napokea na kusema asante.

Makubaliano ya Robina na Ssali nimeyaandika mara tatu. Ya tatu yalikuwa mwezi wa nne. Robina alikuja mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa kitenge shingoni. Niliandika kama kawaida: Ssali amekiri, Ssali hatarudia, Robina amesamehe. Nilipofika mwisho niliona nafasi imebaki juu ya mahali pa saini. Karatasi yenye nafasi tupu hunikera, nimekuwa hivyo tangu shuleni. Nikaongeza sentensi moja: "Jambo hili limekwisha na halitapelekwa mahali pengine popote."

Hakuna aliyeniambia niiandike. Mwenyekiti aliposoma kwa sauti alisimama hapo, akanitazama, akasema, "Huyu Sekretari wetu angekuwa wakili." Watu wakacheka. Nilifurahi. Naliweka hapa bila kulipunguza: nilifurahi.

Robina alitia saini kwa mkono wa kushoto.

Wiki mbili zilizopita, Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka kanisani, Ssali alimvunja taya. Safari hii Robina hakwenda kwa ssenga wala hakuja kwetu. Dada yake anayeishi Luzira alimpeleka hospitali, kisha wakaenda polisi moja kwa moja. Ssali akakamatwa. Siku mbili baadaye nduguye alipeleka pale kituoni karatasi yetu, nzuri, ina muhuri, haina hata kosa moja la kufutwa. Askari akasoma sentensi ya mwisho. Akasema hawa watu walishamalizana na baraza lao, basi warudi kulekule. Ssali akatoka. Jioni hiyohiyo nilimwona kwenye duka la chapati akipokewa kama mtu aliyetoka safari.

Alhamisi iliyopita yule dada wa Robina alikuja kwangu. Hakukaa. Alitandika fotokopi mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Nikasema ni wangu.

"Sawa. Nenda basi wewe uliyeandika ukawaambie ulikuwa na maana gani. Mwenzio meno yamefungwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Yeye hawezi kusema."

Alipoondoka nilikitafuta kijitabu cha semina. Mwaka juzi tuliitwa sisi makatibu wa mabaraza, siku moja, ukumbini mjini, tukafundishwa sheria ya ukatili wa nyumbani. Chai, chakula cha mchana, kusaini mahudhurio, picha ya pamoja. Toka siku hiyo hakuna aliyerudi kutuuliza tunaamuaje. Kijitabu nilikikuta kabatini. Kinasema wazi kwamba mtu aliyerudia, au aliyejeruhi mwenzake vibaya, baraza halina ruhusa ya kummalizia kesi. Anapaswa kupelekwa polisi na mahakamani. Nilisoma mahali hapo mara mbili, halafu nikaona kitu kilichonikalisha chini.

Mstari ule ulikuwa umepigiwa wino mwekundu, kwa rula. Mimi ndiye ninayepiga mistari kwa rula.

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Ijumaa mwenyekiti alikuja, amevaa kanzu yake ya msikitini, mpole. Ni mtu niliyemheshimu na bado namheshimu, hilo ndilo linanichosha. Alikuwa amesikia kwamba dada wa Robina alifika. Alizungumza mambo mengine kwanza, mtaro ulioziba, uchaguzi. Kisha akanikumbusha msemo ambao hapa kila mtu amelelewa nao: ebyomunju tebittottolwa, ya ndani ya nyumba hayasimuliwi nje.

"Nnyabo, mama, ukienda kule, hutamshtaki Ssali peke yake," alisema. "Utanishtaki mimi, utajishtaki na wewe. Na ile zoni nyingine watasema sisi hatuwezi kutunza watu wetu."

Nilimwambia hatujawatunza.

Akanijibu: "Na wewe hukuwahi kupigwa hata siku moja. Marehemu mumeo alikuwa malaika. Ndiyo maana unaweza kuwa jasiri sasa."

Kwenye hilo alisema kweli, ila aliligeuza. Sikuwahi kupigwa, ndiyo maana niliweza kuandika vizuri vile. Nilikuwa nashughulika na pambizo za karatasi.

Tangu hapo ni huu ukimya. Sijatukanwa na mtu. Nikipita, mazungumzo yanapungua, kisha nikishapita yanaendelea. Jana kwenye kikundi chetu cha akiba walinisalimia wote, vizuri, mmoja mmoja, halafu hapakuwa na kiti karibu nami kilichokaliwa. Nilifikiria kumpigia binti yangu aliye Gulu. Nikaacha, kwa sababu angeniambia nihame, na sitaki kuambiwa nihame.

Leo asubuhi nilienda polisi. Nilivaa gomesi ya kijani, vazi letu la heshima, nikaweka nakala za makubaliano yote matatu kwenye faili kwa tarehe, na kijitabu juu. Kijana aliyekuwa kaunta alisikiliza nusu.

"Mama, nyinyi ndio muliandika imekwisha," alisema. "Sasa imekwisha ama haijaisha? Muamue."

"Haijaisha, afande. Niliandika mimi, na sikuwa na haki ya kuandika."

Akaniambia nisubiri ofisa wa dawati la familia. Nikakaa kwenye benchi. Ofisa mmoja alikuwa ameenda kwenye warsha ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Mwingine alikuwa ndani na watu. Nilisubiri kwa muda wa karibu saa tatu. Kando yangu walikuwapo wanawake wawili, mmoja na mtoto mgongoni, na sote tulitazama ukuta wenye bango la kutuambia tusikae kimya.

Pale kwenye benchi nilikumbuka kambi. Nyumba zetu zilikuwa za mabati, za duara, zimepangwa karibu kiasi kwamba ulijua jirani anakaanga nini. Mwanamke akianza kulia nyumba ya pili, mama yangu alikuwa anaongeza sauti ya redio. Baba alikuwa pale pale, askari, amevua mkanda, anasubiri chakula. Wote waliozunguka nyumba ile walikuwa askari. Kama ulinzi ni wingi wa polisi, basi hapakuwa na mahali palipolindwa Uganda nzima kuliko pale.

Nimekuwa nikiilaumu serikali wiki hii, na sina nia ya kuacha. Sheria imeandikwa, lakini dawati lina watu wawili. Fomu ya majeraha lazima ijazwe na daktari wa polisi, na daktari huyo haji kila siku. Hakuna nyumba hata moja ninayoijua upande huu ambapo mwanamke anaweza kulala kwa usalama huku kesi ikisikilizwa. Anarudi kwa mtu aliyemshtaki au anakwenda kubanana kwa dada yake. Semina ya siku moja inahesabiwa kuwa kazi imefanyika. Hayo yote ni kweli. Lakini kwenye mtaa wetu serikali yenyewe ni nani? Muhuri ule ni wake. Robina alipokuja na mkono umefungwa, alikuwa amekuja serikalini. Akanikuta mimi na kalamu.

Ofisa aliyenipokea mwishoni ni mwanamke, mtu mzima, macho yamechoka. Alisoma faili yote bila haraka. Kwenye mstari wa wino mwekundu alisimama. Aliniuliza kama naelewa kwamba maelezo haya yananigusa na mimi, kwamba naweza kuitwa mahakamani na kuulizwa kwa nini, na mwenyekiti pia. Nikasema naelewa. Akaandika. Tulichukua muda mrefu kwa sababu nilitaka kila kitu kiwe sawa, hata lile la mkono wa kushoto. Alitaka kuliruka, akasema halihitajiki. Nikamwomba aliweke. Akaliweka.

Kesi imefunguliwa upya. Ssali ataitwa. Ofisa alisema hivyo na sina sababu ya kumwamini sana wala ya kutomwamini. Daktari anakuja Alhamisi, na Robina itabidi aletwe kutoka Luzira na taya lile, apite mjini kote, aonyeshe tena.

Nilipofika nyumbani nilimpigia dada yake nikamweleza. Nilimwomba pia nije kumwona Robina, nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Akasema atamuuliza. Baada ya kama dakika ishirini kwenye simu ikaingia picha, ukurasa wa daftari la hesabu, mwandiko wa Robina. Sikuwahi kuona mwandiko wake zaidi ya saini. Ni mzuri, umesimama.

"Asante kwa kwenda. Usije. Siku ile ulinishikia karatasi isiteleze nikitia saini. Sitaki kuona mikono yako."

Nilikuwa nimelisahau hilo la kushika karatasi. Ni kweli nilishika.

Sitakwenda Luzira. Nimeandika barua mbili za kumjibu, nimechana zote mbili. Msamaha wa tatu aliutoa mbele ya viti tisa. Sina haki ya kumwendea kuomba wa nne.

Kesho saa nne baraza linakutana, nami nimeitwa nikabidhi mafaili. Watachagua sekretari mwingine. Nimekwisha kuyapanga, kila jalada na lebo yake. Wakati nikiyapanga niliyahesabu makubaliano ya mume na mke: ni kumi na manne, na sentensi yangu ile iko kwenye matano zaidi ya yale ya Robina, kwa sababu baada ya kusifiwa niliipenda nikaendelea kuitumia.

Wanawake watano wamekaa kwenye nyumba zao wakiamini kwamba karatasi yenye muhuri imewakataza kwenda popote. Mmoja amehamia Kabalagala, wanne wako hapahapa. Nimeandika majina yao kwenye kikaratasi, kwa mkono wangu, na nimekitia kwenye mkoba. Faili naweza kukabidhi. Hicho sikabidhi.

Kesho, kabla ya saa nne, nitamwendea wa kwanza. Anaishi nyuma ya kinu cha mahindi, na mumewe hutoka saa moja. Nitamwambia: karatasi niliyokuandikia haina nguvu ya kukuzuia, nilikudanganya bila wewe kujua na bila mimi kujiuliza. Nitamwambia na ninakoweza kumpeleka, ingawa ni kwenye benchi lile na kusubiri kulekule.

Kisha nitasimama pale nje hadi anifukuze, au asinifukuze.