Mabati Kwenye Ngazi za Mto

Jumamosi, 12 Aprili

Mkutano na watu wa mtaa kuhusu banda letu la mashua. Kelele tupu! Mwenyekiti wa klabu, Bwana Midhat, kajipulizia manukato mpaka watu wanapiga chafya. Wanasema banda litaziba ngazi za mtoni, na Siku ya Kunusa Upepo, sikukuu ya mji mzima kula mtoni, watakaa wapi na samaki wao? Midhat anatabasamu tu.

Mimi banda nalitaka. Mashua za wasichana wangu zinalala juani, ile ya wapiga makasia wanane imeanza kupasuka ubavuni, na klabu imeshasema: bila banda, hakuna timu ya wanawake. Basi nikasimama. Mimi mtoto wa uchochoro huu, naapa kwa kaburi la mama yangu, ngazi zitabaki wazi. Mama mdogo Tawhida akasema haya, Inasi akishaapa yamekwisha.

Wakaondoka, wakaacha maganda ya mbegu sakafu nzima. Eti wanaupenda mto — na kila uchafu wao wanautupa humohumo.

Jumatano, 16 Aprili

Mabati! Kuanzia ukuta wa klabu mpaka majini, ngazi zote ndani. Lango moja, kufuli moja. Nikamwendea Bwana Midhat. Ya muda tu, kapteni, wewe shughulika na makasia. Huku anachokonoa meno. Kinyaa.

Ijumaa, 18 Aprili

Mtu kamwaga maji ya fisikhi — wale samaki wa chumvi waliovundikwa — juu ya mashua ya wanane. Ndoo nzima! Nzi wamejaa. Nimetapika. Wasichana wamesugua kwa sabuni na ndimu, wapi.

Mama Rizki, jirani yake mama mdogo, ananitazama dirishani anacheka. "Unasikia harufu, kapteni? Ndiyo kiapo chako hicho, kimeshaoza."

Washenzi! Nikarudi kusugua.

Jumapili, 20 Aprili

Sasa nimejua. Injinia wa manispaa anakuja kesho kuangalia kama ngazi zinatumika. Midhat kaichagua kesho makusudi. Siku ya Kunusa Upepo, mji mzima uko mtoni, na kwetu patakuwa patupu! Kanieleza anacheka, kana kwamba tumekula njama pamoja.

"Utampokea wewe, binti yangu. Wewe wa mtaani, atakuamini. Mwambie hapa haji mtu. Akiondoka tu, banda lako tayari." Akanitia ufunguo mkononi. Yeye atakuja baadaye, akishaamka.

Binti yangu! Nimenawa mikono na bado najiona mchafu. Kibaya zaidi, nimewafikiria wasichana wangu, na kwa muda nikaona maneno yake yana maana.

Hajui tu kwamba watu wetu hunusa upepo alfajiri. Sikukuu zote yeye huwa pwani.

Jumatatu, 21 Aprili

Walikuwepo kabla ya jua, nje ya mabati. Mikeka, mayai ya rangi, vitunguu vya majani, na yale masamaki. Hakuna aliyegonga. Mama mdogo hakunitazama hata usoni. Nikafungua.

Wakaingia wote. Mtoto kakojolea kasia. Mtu kakatia vitunguu juu ya mashua — juu ya mashua! Nikafoka, wakanipa mkate.

Injinia akafika, akaziba pua. Kila mwaka huwa hivi? Mama mdogo akaacha kutafuna. Nikasema kila mwaka, tangu enzi za bibi yangu. Midhat alikuwa nyuma yangu, kumbe! Mbele ya injinia akatabasamu. Kisha sikioni kwangu: "Takataka zako za mbao zitoke kabla ya adhuhuri. Wewe na wasichana wako, klabu basi." Pumzi yake bado naisikia shingoni.

Naandika ngazini, mafuta ya samaki mpaka kwenye karatasi. Wasichana wawili wanalia. Mama mdogo anasema tuilete mashua uchochoroni, tuilaze chini ya dirisha lake. Nimemwambia ina mita kumi na saba, na uchochoro una kona. Haitapita.

Mama Rizki anafuta midomo. "Kona si banda langu la bata? Mume wangu kaenda kuchukua nyundo, tulibomoe."

Simwelewi huyu mwanamke. Wasichana wameshaiinua mabegani, wananiita nikashike nyuma