Mama Yako na Meli ya Mwisho

Mtaa wa Kolokotroni 14,
Piraeus.
6 Machi 1973.

Mpendwa mpwa wangu Stamatia,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mimi mjomba wako Lefteris. Hamjambo wewe na mumeo? Watoto hawajambo? Sisi wazima, isipokuwa goti langu, lile nililozuilia mlango wa meli bahari isiingie mwaka wa '57. Hata hivyo samaki walipenya mpaka jikoni, nikawakaangia abiria mia tisa.

Kampuni yetu ya meli inafungwa, mwanangu. Tulianza na meli moja kuukuu iliyokuwa ya kubebea askari, tukawahamishia Australia nusu ya Wagiriki, nawe ukiwa kati ya wale wasichana mia tatu wenye picha za wachumba mkononi. Leo watu wanapanda ndege. Safari ya mwisho ni keshokutwa.

Basi hapo mama yako, unayemtaka aje kuishi kwako, akatutoa jasho. Ndege hapandi hata umfunge kamba. Na meli nayo akaikataa: "Nimwache Pavlos peke yake? Nani atamwashia taa?"

Nikamwambia, "Dada, mumeo yuko kaburini, hana haraka." Akanitupia kijiko.

Nikamwendea padri, na unajua mimi nikisema hata kengele hunyamaza. Akakubali tumfukue baba yako miezi miwili kabla ya kutimia ile miaka mitatu ambayo desturi yetu hungoja ndipo mifupa itolewe kaburini. Nikuficheje? Niliogopa. Kama udongo ungekuwa haujamaliza kazi yake, tungemrudisha humo, na mama yako angebaki hapo hapo. Lakini mifupa ilitoka safi, rangi ya nta. Aliiosha kwa divai kwa mikono yake, akimsemesha kama anayemwogesha. Mimi sikulia, ulikuwa moshi wa ubani.

Jana nikampeleka kwa nahodha, kakumbatia kisanduku cha mifupa. Unajua mabaharia wanavyoogopa mifupa melini. Nahodha akarudi nyuma hatua mbili. "Bibi, huyo ana tikiti?"

"Huyu nitampakata," mama yako akamjibu. "Wa kupakatwa nao hulipa?"

Nahodha akavua kofia, akamsogezea kiti.

Barua hii inakuja kwa ndege. Sisi tutachukua kama siku thelathini, maana Mfereji wa Suez bado umefungwa. Msalimie mumeo Argyris, umbusu binti yako Marina kwa niaba yangu. Bikira Maria awafunike.

Uliniomba nikuletee mmoja, nakuletea wawili. Njoo gatini na padri, na baba yako umtafutie mahali penye jua.

Mimi mjomba wako nikupendaye kuliko bahari zote nilizovuka,
Lefteris