Damascène Ameacha Pombe

Basi, Mama Aksanti, nilikuwa nakuambia Damascène ameacha pombe, ukapiga ile kelele ya furaha, simu ikakatika. Acha nimalize ku karatasi, Cubaka atakuletea na boti. Salamu toka huku Mabanga! Maman yako na ule muguu anaendelea namna gani? Siye tuko, vumbi tu njo inatusumbua. Aksanti amenenepa, utaona.

Ulipoenda kuchunga maman uliniachia mutoto na bwana yako, ukaniagiza nimupe kopo moja ya kanyanga asubuhi mbele aketi ku mashini, na ingine mangaribi, nisiruke hata siku moja. Niliitika, lakini nilicheka mu roho. Mulevi anapimiwa pombe sawa dawa ya mutoto! Ni kweli anashona, kostume za mabwana-arusi bote ba hapa ni zake, hajakupiga hata kofi. Lakini mulevi ni mulevi, hata akivaa kravati.

Nikaficha kanyanga, nikaita Mama Pasta Nyiramahirwe, tukamufunga mu chumba cha maombi, kufunga kavu, hata maji hapana. Mikono ikaanza kutetemeka. Tukapiga makofi! Mama Pasta akasema ni demoni iko natafuta mulango. Damascène akaomba kopo moja tu, akasema tukuulize, wewe njo unajua. Nikamujibu akaombe kwa shetani. Tulicheka, yangu! Kesho yake akaona panya ku ukuta, akawa anazipima kiuno, anaziuliza suruali inabana wapi. Kisha akaanguka, meno imekazana, povu mu kinywa. Siye na wimbo, mimi na ngoma mupaka vidole vikavimba. Akatulia. Mama Pasta akasema demoni imetoka.

Ilitoka kweli, mama. Na ye akaenda nayo.

Sikukurudishia simu, kulia kunamaliza unité ya kuongea. Usipande boti, tunamuzika leo. Muganga mumoja wa hopitali anasema ati mutu wa kunywa miaka mingi habamukatazi pombe gafula, anakufa. Baganga nao! Ni bangapi banakufa safi vile, bila hata tone mu mudomo? Mimi njo wa kulia: kostume ya mukwe wangu imebaki mukono moja, na Mahoro anaolewa siku ya samedi. Basi tumesema tumuvike ye Damascène, ule upande haitaonekana mu sanduku.

Mama Pasta ananiita. Anasema mikono ya Damascène imekauka, kostume haiingie, nilete makasi yake. Nakuya! Salimia maman,

jirani yako wa roho, Mama Mahoro