Mbio za Asubuhi ya Mtihani

Mama,

Uji nimeutia kwenye chupa. Fundi bomba anakuja saa nne, mwonyeshe lile sinki linalovuja. Nguo zikikauka, dada azianue.

Nisamehe kwa asubuhi. Uliponificha raba za kukimbilia ukasema, "Leo mtihani, mwanangu, mbio hazina maksi," niliona unanifanya mtoto. Nikatoka kukimbia na ndala, nikabamiza mlango. Nimerudi nimekuta umeshatoka, ndiyo maana naandika.

Kuna jambo nilikuficha. Mwezi uliopita nilianguka wodini kwenye mafunzo, mbele ya bibi mmoja niliyekuwa nampima presha. Nilikuwa nimekesha na vitabu siku mbili, tumboni sina kitu. Yule bibi mgonjwa ndiye aliyenishika mkono mpaka nesi akafika. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, na wewe anakutibu nani?"

Tangu siku ile nakimbia nusu saa, kisha nakaa kwenye ngazi za nyuma nasali. Mbio zinanituliza kichwa. Sala inanikumbusha kwamba roho za watu hazimo mikononi mwangu peke yangu. Baada ya hapo ninachosoma kinakaa.

Mtihani unaisha saa saba. ~~Msinisubiri kula.~~ Nisubirini.

~~Baba usimwambie kwamba nilianguka.~~ Mwambie tu, nimechoka kuficha. Ila mwache kwanza amalize chai yake.

Kitinda mimba wako