Siku ya Kumnunulia Baba Mkwe Darubini

Mke wangu, Mama Khamis,

Assalaam alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kikohozi cha mtoto kiwe kimepoa. Mimi mwili upo, Alhamdulillahi, lakini moyo umeshtuka na haujatulia bado. Nakuandikia kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Jumamosi nilitoka huku Kizimbani nikenda Darajani kumtafutia baba yako ile darubini ya kuangalia mwezi wa Ramadhani. Nikamwambia mwenye duka, "Ya mkwe wangu mzee, kuangalia mwezi. Nipe kubwa kuliko zote."

Akacheka. "Sheikh, hiyo nzito, mkono ukitetemeka na mwezi nao utacheza ngoma. Mzee mpelekee nyepesi, yenye vioo vipana mbele vya kukusanya mwangaza wa magharibi. Anavaa miwani?"

"Anavaa."

Akanipa moja ambayo mtu huangalia bila ya kuvua miwani, akanipeleka mlangoni niijaribu. "Kila jicho na kipimo chake. Fumba la kulia, zungusha hapa mpaka uone vizuri. Haya, sasa fumba la kushoto."

Mama Khamis, nikaona moshi mtupu!

"Hii mbovu," nikamwambia. Nikaifuta kwa kanzu. Moshi. Akanipa nyengine. Moshi vilevile. Nikaanza kufoka, "Duka zima darubini mbovu!" Yule bwana akanisogelea. Alinifunika jicho la kushoto kwa kiganja chake, akauliza taratibu, "Mimi nimevaa kofia ya rangi gani?"

Laa ilaha illa Llah! Hata kichwa chenyewe sikukiona.

Nikakaa kizingitini. Kumbe nnakwea minazi kwa jicho moja! Siku hizi nikinyoosha mkono kushika kuti nashika hewa, nikidhani ni uchovu tu. Na wageni, wale watalii wanaokuja shamba kunitazama nikikwea, wako chini wananipigia makofi.

Nimekwenda hospitali, daktari kasema ni mtoto wa jicho, huondolewa kwa kupasuliwa, na inshallah nitaona. Lakini kukwea amenikataza mpaka nipone. Basi nimekaa chini mkekani nawasukia wageni kofia za makuti, na wenzangu wakipita wananiuliza, "Bi harusi, mkeka haukuumizi?" Nacheka nao. Ndani nnaogopa sana.

Anatakiwa mtu wa kunitia dawa baada ya kupasuliwa. Jirani yangu kajitolea, nimemkatalia. Njoo wewe. Usipokuja, sendi kupasuliwa.

Msalimie baba mkwe, darubini yake nshainunua, utarudi nayo. Mama yangu mpe shikamoo yangu, la jicho usimwambie kwanza. Watoto wabusu wote.

Bandeji ikifunguliwa, kaa mbele yangu, karibu.

Mumeo,
Baba Khamis