Foleni Niliyoitunga Bombani

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana uongo wangu mdogo sasa unaelekea kwenye kikao cha kamati ya maji. Mimi ni Rogathe, mama wa watoto watatu, naishi na mume wangu Renatus pamoja na mama yake katika kijiji kimoja hapa Mbulu, na tangu niolewe nilikuwa nashuka bondeni kuchota maji kila asubuhi, kwenda na kurudi masaa matatu, ukungu uwepo usiwepo, mpaka mwaka huu tulipowekewa bomba karibu na kanisa, na siku ya kwanza nilirudi na ndoo kabla uji haujachemka, nikakaa jikoni nisijue la kufanya. Mama mkwe akasema kwa kuwa sasa nina nafasi nitapalilia na shamba la shemeji, kesho yake akaongeza kukata majani ya ng'ombe, nikaona muda wangu umeshagawiwa wote kabla sijaugusa. Hapo ndipo nilipodanganya kwamba bombani kuna foleni ndefu. Kumbe nikishachota naenda kwa Fausta, jirani mwenye mashine ya kufumia, ananifundisha kufuma sweta, na baridi ya huku unaijua, nimeshawafumia wanangu, na sasa mwalimu mkuu ameomba nifume za darasa la kwanza. Mshauri, sijawahi kuwa na furaha kama hii, Renatus anasema siku hizi naimba nikipika. Lakini Jumanne mama mkwe aliniangalia kwa huruma akasema, "Mwanangu, foleni hii inakuumiza. Jumapili nitasimama kwenye kikao, Benedikta aondolewe." Benedikta ndiye anayetufungulia bomba, ni mjane, na hajachelewa hata siku moja. Nikisema ukweli nitanyang'anywa masaa yangu, nikinyamaza yeye atapoteza kazi. Nifanyeje?

Rogathe
Mbulu

*

Marahaba, Rogathe. Barua yako imenichekesha, halafu ikaniudhi. Unapima kufuma kwako na mkate wa mjane, kisha unaniuliza mimi kipi kizito? Unajua. Jumapili ni mbali. Sema leo, kabla hujainjika chakula cha mchana, na ukitoka hapo nenda kwa Benedikta ukamwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye haki yako. Bomba halikuletwa ili wanawake wabadilishiwe mzigo. Kijiji kikipata maji karibu, kisha masaa yaliyookolewa yakaishia kwenye magugu ya shemeji mwenye mikono yake, kimepata nini? Watoto wa darasa la kwanza wakikaa darasani bila kutetemeka, hiyo ni faida ya kijiji kizima, ila nani ataiona kama unaificha? Wala usimwone mama mkwe mkatili. Yeye alishuka bondeni miaka mingi kuliko wewe, na hakuna aliyewahi kumpa asubuhi moja iwe yake. Hajui ina sura gani.

Kwa hiyo mkalishe yeye na Renatus, weka sweta mbele yao, sema ulipokuwa ukienda na kwa nini. Kisha taja muda: asubuhi mpaka saa nne unafuma, majani ya ng'ombe utakata baadaye, na shamba la shemeji utasaidia siku moja kwa wiki, basi. Usiombe kama mwizi aliyekamatwa. Kubalianeni kama watu wa nyumba moja.

Mshauri Judica

*

Jibu hili nilimsomea Rogathe kwa simu siku ileile nilipoliandika. Ijumaa alinipigia. Alikuwa amesema yote. Benedikta alimsamehe, ingawa alimwacha amesimama mlangoni kwa muda mrefu kwanza. Mama mkwe aliigeuza sweta ndani nje, akavuta mishono kuona kama inashika.

Kisha akauliza, "Huyo Fausta, anafundisha na watu wa umri wangu?"