Mama, Shingo Yake ni Kama Yako

Mama,

Nakuandikia ujue mambo yalivyokwenda, na usinikasirikie kwa jina nitakalolitaja.

Siku ya maziko mtani wetu wa Kisukuma alijifunga kitenge chako, akapita katikati ya wafiwa akimtazama kila mtu kwa pembeni, vilevile ulivyokuwa ukitutazama sisi. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mdogo wako Kabula peke yake hakucheka, kanga kaifunga hadi kidevuni na jua lote lile. Nikasema moyoni, mchawi huyo, dhamiri inamsuta. Si ulikufa ukiamini ndiye aliyekuroga macho?

Baadaye nguzo ya mlango wangu ikaanza kupinda machoni pangu. Nikimtazama mtu usoni, pua siioni. Nikaenda kwa daktari wa macho hapa mjini, naye akaanza na shingo! Akavipapasa vile vipele vya manjano kama vyako, na ngozi iliyolegea kama ya kuku aliyenyonyolewa, ndipo akanimulika machoni. Akasema nyuma ya jicho mna nyufa zinazovuja damu. Ni ugonjwa adimu wa kurithi, unaharibu nyuzi zinazoshikilia ngozi na macho, na nimeupata kwako na kwa baba pia, ingawa yeye mwenyewe haumwi. Baba kagoma, eti ukoo wao hauna maradhi. Hata mimi sikumwamini daktari. Umwonyeshe jicho, yeye akushike shingo? Nilijua ana lake jambo.

Alipotaka kuwaona ndugu zako, nilipanda basi hadi Igunga. Sikwenda kumwita Kabula, nilikwenda kumbana. Nikamwambia aifungue kanga. Alinitazama kwa pembeni, kisha akaifungua polepole. Mama, ilikuwa shingo yako.

"Nilijua ni dada aliyeniroga macho," akasema. "Miaka yote nimekuwa nikimwogopa."

Nililia kwa hasira. Mmezeeka mkikimbiana, ugonjwa mmoja, na hakuna aliyethubutu kumwonyesha mwenzake shingo.

Tumeambiwa kuna sindano ya ndani ya jicho, Mwanza, ya kuokoa uoni uliobaki. Sindano ndani ya jicho! Bado daktari namtilia shaka, lakini nitakwenda, na Kabula nitakwenda naye.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, tukirudi nitamleta kaburini kwako, nimshike mkono maana njia haioni vizuri. Atakwambia shikamoo, dada. Safari hii umwitikie.

Mwanao,
Nyamizi